Jaketi la Gody

Mukendo, Musoma
Jumatano, 12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, za Gaudensia na za wajukuu zako wawili. Sisi ni wazima, isipokuwa mdogo alikuwa na kikohozi ambacho sasa kinaelekea kuisha. Natumaini goti lako limepungua kuuma tangu tulipoachana msibani, na kwamba Mama ameanza kula. Siku ile aliponisindikiza hadi barabarani alinishika mkono wakati wote, na niliona jinsi alivyokonda. Mpe shikamoo yangu, na umkumbushe asiruke dawa zake za presha.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo na jana tu tuliongea. Nilikupigia nikiwa na jambo, nikaishia kukuuliza habari za mvua na mihogo, nawe ukanijibu kwa uvumilivu mtu anayekuuliza mihogo wiki ya tano baada ya kumzika mwanao. Najijua, Baba. Nikiwa uso kwa uso na watu mdomo wangu hutafuta pa kujificha. Karatasi angalau inaniacha nimalize sentensi. Barua hii analeta Gaudensia mwenyewe kesho, pamoja na furushi. Tafadhali usilifungue furushi kabla ya kusoma hadi mwisho.

Nimesikia kwamba kikao cha ukoo ni Jumamosi, na kwamba Shangazi Nyamburi ameshafika kutoka Bunda kukisimamia. Nimesikia pia kinachotakiwa kuamuliwa: Rhobi arudishwe kwao Tarime na nguo zake tu, na watoto wa Gody wabaki Butiama. Gaudensia alipokuja huko wiki iliyopita aliniletea habari ambazo wewe hukuniambia. Kwamba Rhobi analala kile chumba cha nyuma kilichokuwa cha mbegu za pamba, na kwamba akipika hakuna anayegusa chakula chake, hata uji wa watoto unapikwa upya. Mjane wa mwezi mmoja anakula peke yake jikoni akiwa ameupa mlango mgongo. Gaudensia aliponisimulia hakulia. Alinitazama tu, na mimi nikajifanya natafuta mkasi.

Kabla sijaendelea nataka nikurudishe nyuma kidogo, kwenye darasa la tano. Sijui kama unakumbuka, maana umewafundisha wengi, lakini mimi na Gody tulilizungumzia somo lile mpaka tumekuwa wazee. Uliingia na beseni la maji, msumari na kipande cha bati. Ulidondosha kwanza karatasi mbili, moja tambarare na nyingine uliyoifinyanga, tukaona ile tambarare inavyochelewa kufika chini ingawa uzito ni uleule. Kisha ukatumbukiza msumari, ukazama. Bati lile lilikuwa zito kuliko msumari, ukalikunja kingo ukapata kitu kama kibakuli, ukaliweka majini na likaelea. Ukatuambia umbo limelipa nafasi ya kubeba hewa ndani, na kitu kikiwa na hewa ya kutosha ndani yake, kwa jumla kinakuwa chepesi kuliko maji kinayoyasukuma pembeni, basi maji yanakibeba.

Darasa zima tulipiga makofi. Gody, ambaye hakutakiwa hata kuwepo kwa sababu alikuwa la tatu na alikuwa amejipenyeza tu, akanyoosha mkono akauliza itakuwaje kibakuli kikitoboka. Ulicheka. Ukachukua ule msumari ukatoboa tundu moja dogo chini ya bati, ukakirudisha majini na kutuambia tuangalie. Kikaendelea kuelea. Kikaelea muda mrefu sana, mpaka mimi nikachoka nikatoka nje kucheza, nikiwa na hakika kwamba tundu dogo namna ile haliwezi kitu. Gody alibaki. Aliniambia jioni kwamba kilizama polepole, bila kelele, na kwamba ulimpa chaki nzima kwa kuwa na subira. Chaki ile aliinyimia kila mtu.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Unajua kwamba hapa Mukendo mimi ni fundi wa turubai na viti vya pikipiki, na sijisifu bure, mshono wangu unajulikana. Mwaka jana maafisa wa doria walipoanza kuzuia mitumbwi isiyo na majaketi ya kuelea, wavuvi wa Mwigobero walinijia. Majaketi ya dukani yalikuwa yamewashinda bei. Nikawashonea. Ya kwanza niliyajaza nyayo za ndala kuukuu, zile ambazo wavuvi wenyewe hukata kufanyia maboya ya nyavu, na yalikuwa majaketi mazuri, magumu kuvaa lakini mazuri. Yanaelea mpaka leo. Jioni nilikuwa napita majalalani na gunia, na Gody alinitania kwamba mtoto wa mwalimu ameishia kuokota ndala za watu.

Mwezi Desemba nikashona mengine kumi na mawili. La kwanza kati ya hayo kumi na mawili nilimpa Gody, rangi ya machungwa, na jina lake nimelidarizi kifuani kwa uzi mweusi. Wewe uliliona siku ya Krismasi, alilivaa akaingia nalo kanisani mpaka Mama akamvua.

Kilichotokea tarehe sita Februari mlikisikia kwa Samweli, yule mwenzake waliyekuwa wakivua pamoja, lakini nakirudia kwa sababu kila neno la Samweli lina kazi yake. Walikwenda kuvuta nyavu, jua lilikuwa limeshapanda, upepo ukageuka. Mawimbi mawili yakajaza mtumbwi, la tatu likaupindua. Samweli alikamata dumu la lita ishirini alilokuwa amelifunga kizibo, kama wafanyavyo siku zote, akalilalia kwa kifua. Gody hakuwa na dumu. Alimwambia Samweli asiogope, yeye amevaa jaketi la braza. Na kweli aliogelea vizuri, mpaka akamsukumia Samweli dumu lilipomponyoka. Walikuwa wakiongea. Samweli anasema walikuwa wakibishana ni mtumbwi wa nani utawaona kwanza.

Baadaye, Samweli anasema, Gody akaanza kushuka. Maji yalikuwa kifuani, yakafika mabegani, yakafika kidevuni, na hakuwa amechoka kiasi hicho. Akajaribu kupanda juu ya mtumbwi uliopinduka. Alijaribu mara tatu. Kila akiinua kifua nje ya maji alirudishwa, na Samweli akasema mbele yetu sote, pale chini ya turubai la msiba, kwamba ilikuwa kama kuna mtu amemshika kwa chini.

Maneno hayo ndiyo Shangazi aliyoyaokota. Nami namwelewa, Baba, kwa sababu yalihitaji maelezo. Mwenye dumu tupu amepona na mwenye jaketi amezama, inakuwaje? Ndipo majirani zao wa Kigera wakaleta habari kwamba asubuhi ile Rhobi na Gody waligombana mlangoni, na Gody alipoondoka Rhobi alimfuata akammwagia maji mgongoni. Watu watatu waliona. Shangazi akasema kwamba mwanamke anayemmwagia mumewe maji wakati anaelekea ziwani amekwisha kumkabidhi kwa maji, na kwamba kwao Rhobi mambo hayo yanajulikana. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena habari za jaketi.

Si kweli kwamba hakuna aliyeuliza. Wewe uliuliza. Siku ya mazishi ulinivuta pembeni ya zizi, ukaniuliza kama jaketi lilikuwa zima, na mimi nikakujibu kwamba lilikuwa zima kabisa. Ukaniuliza liko wapi, nikasema sijui, huenda lilipotelea ziwani. Ulinishika bega ukaniambia nisijilaumu, nilifanya kilichowezekana kwa ndugu yangu. Mkono wako ule bado nausikia begani, na sikustahili hata kidole kimoja.

Jaketi lilikuwa kwangu. Siku ya pili mwili ulipopatikana kwenye mawe, mimi ndiye niliyeingia majini kumtoa, na kabla wengine hawajafika nilimvua nikalikunja nikalitia kwenye gunia. Limekaa chini ya meza yangu ya cherehani wiki tano. Kila nikikanyaga pedali mguu wangu unaligusa.

Sasa nikuambie lilikuwa na nini ndani. Mwezi Desemba ndala zilikuwa zimeniishia. Nilikwenda Bunda kutafuta, nikapita kwa fundi mmoja wa makochi, nikakuta nyuma ya karakana yake vipande vya sponji vya kutupa, marundo. Nikabeba magunia mawili. Nilijua kwamba sponji hunywa maji, Baba, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilifikiri kama mtoto wa mwalimu: kinachofanya kitu kielee ni hewa iliyomo, basi nitaifungia hewa ndani. Nikafunga kila kipande kwa nailoni nzito, mara mbili, nikachoma kingo zake kwa pasi. Hapo ningeishia, Gody angekuwa hai. Lakini vipande vilikuwa vinacheza ndani ya kitambaa, jaketi likakaa vibaya, limevimba huku na kulegea kule, na mimi ni fundi ambaye hawezi kuacha kazi ikae vibaya. Nikayapitishia cherehani, mstari kwa mstari, mshono wa karibu karibu kama wa kiti cha pikipiki. Yakakaa sawasawa. Yalipendeza kuliko ya dukani.

Kila sindano iliposhuka ilitoboa nailoni. Wewe ulitoboa bati mara moja tu. Mimi nilitoboa maelfu kwa kila jaketi, kwa mkono wangu, nikipiga mluzi.

Nililijaribu. Nililivaa pale Mwigobero mbele ya watu, nikaingia mpaka maji ya shingo, nikainua miguu nikaelea. Wakapiga makofi. Nilikaa majini muda wa kama dakika tano, nikatoka kupokea pongezi. Nilitoka nje kucheza, Baba, kama darasa la tano. Jumapili nimelijaribu tena jaketi lile, kwenye pipa, nikiwa nimekaa na saa. Dakika kumi za kwanza linaelea kama mpya. Kwenye ishirini limeshuka nusu. Kabla ya arobaini halibebi hata jiwe la kukalia jungu. Nimelipima kwa mizani ya muuza samaki: likiwa kavu ni kilo moja na kidogo, likishiba maji linapita kilo kumi na nne. Wewe utaelewa haraka kuliko mimi. Akiwa ndani ya maji halikumvuta chini, liliacha tu kumbeba, kwa sababu maji yalikuwa yamechukua nafasi ya hewa. Zile kilo kumi na nne zilimngoja pale alipojaribu kuinua kifua na kupanda mtumbwi. Samweli hakusema uongo. Kuna mtu alimshika, na mtu huyo ni mimi.

Ningependa kuishia hapa, ili unione kama fundi aliyekosea. Kuna lililo baya zaidi, na ndilo linalomhusu Rhobi.

Mwishoni mwa Januari Rhobi alilifua lile jaketi kwa sababu lilikuwa linanuka samaki. Akaliloweka, na alipotaka kulianika hakuweza kuliinua kwa mkono mmoja. Lilichuruzika siku tatu kwenye kamba. Alitoka Kigera kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni, akaja mpaka kibandani kwangu kuniambia. Nakumbuka maneno yake, maana alikuwa na haya kunikosoa. Alisema, “Shemeji, lile jaketi linakunywaga maji. Mimi silielewi.” Kulikuwa na wateja wawili. Nikamcheka mbele yao. Nikamwambia aniachie mimi mambo ya ziwani, na yeye ashughulike na ugali. Wateja wakacheka pia. Akaondoka bila kuniaga.

Kisha nikafanya lingine. Gody alikuja jioni yake kuniuliza, maana mkewe alikuwa amemsihi abebe na dumu. Kumbe hata yeye alikuwa na wasiwasi kidogo. Yule aliyepewa chaki. Nikaona ni fedheha kwangu, mdogo wangu wa damu aonekane Mwigobero amevaa jaketi langu na huku amekumbatia dumu. Wateja wangu wangesema nini? Nikamwambia mtu aliyevaa jaketi alilotengeneza kaka yake hana haja ya kwenda ziwani na dumu kama anayekwenda kuchota maji. Alicheka. Alinitii, Baba. Tangu siku hiyo dumu alikuwa analiacha nyumbani.

Asubuhi ile ya tarehe sita Rhobi alimkatalia mlangoni. Alikuwa amelitumbukiza jaketi kwenye beseni tangu alfajiri makusudi, ili mumewe alione mwenyewe. Gody alikuwa ameshachelewa, injini ya mtumbwi iko begani. Akalichukua, akalikamua kwa hasira, akalivaa hivyo hivyo likiwa na maji ndani, akaondoka. Rhobi akamkimbilia na beseni, akamwambia ayaangalie maji yaliyotoka ndani ya jaketi lake, na aliposhindwa kumgeuza akayamwaga yale maji nyuma yake kwa uchungu. Hayo ndiyo maji waliyoyaona majirani. Maji yangu. Na dumu lilikuwa katika mkono wake wa pili, limefungwa kizibo, anamwomba alichukue.

Haya ameniambia yeye mwenyewe jioni ya siku tuliyompata Gody. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama nitasema. Nikamwambia asubiri kwanza tumalize mazishi. Amesubiri wiki tano, katika chumba cha mbegu, na hajafungua mdomo, kwa sababu nilimwomba, na kwa sababu anajua hakuna atakayemwamini yeye dhidi ya mtoto wa Mwalimu Wanzagi. Hata Gaudensia nilimficha mpaka aliporudi kutoka huko wiki iliyopita. Nilipomwambia alisema niandike au atasema yeye mbele ya kikao.

Kati ya majaketi kumi na mawili, tisa nimeshayapata na kuyachana, mbali na hili la Gody. Mawili yamebaki kwenye vijiji vya ziwani. Kesho alfajiri napanda boti kuyafuata, na nikirudi nitakwenda kwa maafisa wa doria kueleza yote, wanifanye wanavyoona. Jumamosi asubuhi nitakuwa Butiama. Nimetaka ujue kabla, kwa sababu nikiingia na kukuta macho ya Shangazi yamenielekea nitatafuta mahali pa kujificha tena, na safari hii usinipe. Nishike hapo mbele za watu mpaka niseme.

Ndani ya furushi kuna jaketi, nimelikausha siku tatu. Nakuomba ufundishe lile somo tena, Baba, mara moja ya mwisho. Weka beseni kubwa katikati ya kikao, tumbukiza jaketi, na usimruhusu mtu yeyote kuondoka, hasa mimi. Litaelea. Watasema si mnaona. Waache waseme. Ikifika saa nzima mwombe Shangazi Nyamburi aje aliinue kwa mkono mmoja, kama alivyotaka kulianika Rhobi. Baada ya hapo watoto wakae na mama yao, popote atakapotaka kukaa. Na mtu ale chakula alichopika Rhobi. Ukianza wewe wengine watakufuata.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Sitaki usome ombi langu na kabla hujakaa na habari yenyewe uanze kunihurumia, maana ndivyo ulivyo. Mama umwambie wewe, kwa namna utakayoona, ila akae kwanza.

Wasalimie wote waliopo hapo nyumbani, na wale walioko Bunda wakirudi. Wajukuu wanakuamkia. Mwambie Rhobi kwamba shemeji yake amesema.

Ni mimi mwanao,
Nicolaus

Ukilikagua jaketi utaona ubavuni, karibu na kifungo, kitambaa kimechanika. Usifikiri ni mawe. Ni kucha za Gody, alikuwa anajaribu kulivua. Kitambaa kimechanika pande zote mbili za mshono, ila mshono wenyewe haukuachia.